Maneno Niliyoyatoa Mkekani

Wiki iliyopita nilikwenda Bawshar kumchukua mjukuu wangu kwenye skuli yao ya watoto wadogo. Nilifika mapema, nikakaribishwa ndani. Ukutani wamebandika sura za karatasi, moja inacheka, moja imenuna, moja inalia, na kila mtoto akiingia asubuhi hubana kibanio chenye jina lake kwenye sura inayofanana na moyo wake. Mwalimu wao, binti mwenye adabu zake, alinieleza kuwa hii ni njia mpya ya kumfundisha mtoto ayajue yaliyomo moyoni na ayaseme. Nikamwambia mashaallah. Sikumwambia kwamba sisi tulifundishwa hayo hayo katika mji wa Matrah, zaidi ya miaka hamsini iliyopita, wala sikumwambia jinsi nilivyoyaharibu.

Basi acha nikwambie wewe.

Tulitoka Unguja mwaka wa sitini na nne, watu wa nyumba chache tu, na mizigo ya kubebeka mikononi. Tuliambiwa hii ndiyo nchi ya wazee wetu Waarabu, lakini sisi watoto hatukuwa tukiijua. Maji yaliletwa na punda, joto lilitoka hata ukutani, na nazi ilikuwa adimu, mama akiipata moja aliikuna mpaka kifuu kikabaki kitupu. Watoto wa mtaani walikicheka Kiarabu chetu. Nyumbani tulikuwa na amri moja: usilie mbele za watu, na ya kwetu usiyatoe nje.

Kwa hiyo chuo chetu cha Kurani kilikuwa kitu cha ajabu. Mwalimu alikuwa mama wa makamo, mjane, naye wa Unguja, akikaa kwa kaka yake nyuma ya soko. Alisomesha wadogo tu, wasiozidi miaka saba, ukumbini, juu ya mkeka aliokuja nao kutoka kwao. Hakuwa na bakora, jambo ambalo mama zetu walilitilia shaka kubwa. Kila asubuhi, kabla hatujafungua juzuu, alitupitia mmoja mmoja akituuliza roho yako ina ladha gani leo.

Mwenye furaha alisema halua. Mwenye hasira alisema pilipili, akapewa kinu kidogo atwange iliki za kahawa mpaka atulie. Mwenye wivu, mara nyingi aliyepata ndugu mdogo, alisema ndimu. Na mwenye huzuni alisema shubiri. Shubiri tuliijua sote, maana ndiyo waliyopaka mama zetu kwenye maziwa siku za kutuachisha kunyonya. Mimi nilizoea kusema wali wa jana. Wenzangu walinicheka, lakini mwalimu alisema wali wa jana nao ni chakula. Wa shubiri alikaa ubavuni mwake akishika ncha ya kanga yake. Akitaka kusema alisema, asipotaka aliachwa. Sharti lilikuwa moja, kwamba ya mkekani hubaki mkekani.

Pembeni yangu alikaa mtoto wa jirani yetu, msichana wa rika langu, miaka sita. Mama yake alishona kofia, na kila aliyemuuliza habari za mumewe alimjibu kuwa yuko Mombasa, anamaliza mambo yake, atakuja. Miaka miwili alikuwa akijibu hivyo. Alitia hina, alijifukiza udi, alikaa tayari. Mtoto wake alikuwa mkimya, na kila siku alisema halua, kwa sababu, nadhani, ndiyo ladha isiyofuatiwa na maswali.

Asubuhi moja akasema shubiri. Akaenda kukaa kwa mwalimu, akaikamata ile kanga kwa mikono miwili. Sisi tukasoma alifu zetu huku masikio yote yako kwake. Kisha akasema, "Baba hayuko Mombasa. Mama hajui alipo. Anawaambia watu tu." Mwalimu hakumuuliza lolote. Alimpangusa uso, akamwambia, "Umefanya vyema kusema, mwanangu. Sasa tunaibeba wawili." Na yule mtoto, niliona kwa macho yangu, akalala usingizi pale pale mkekani.

Ningekuwa mtoto mwenye heri ningeishia hapo. Lakini nilikuwa na tamaa ya kuonekana mkubwa. Alasiri ile mama alikuwa akipeta mchele na jirani mmoja bibi mtu mzima, wanazungumza ya watu wakubwa, mimi nimeambiwa nikacheze. Nikasema nna habari. Walipogeuka kunitazama nikaona habari yenyewe haitoshi, nikaitia chumvi. Nikasema baba wa yule mtoto kafa, na mwenyewe kasema chuoni.

Bibi aliweka chini kikombe cha kahawa. Hawakuwa watu wabaya, nataka ulijue hilo. Kilichowashtua ni eda. Mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hajipambi, na huyu mwenzao alikuwa akitoka na hina mikononi. Waliona anajiingiza dhambini kwa kukosa mtu wa kumpa pole na kumshika mkono. Wakaambizana nyumba kwa nyumba, na kesho yake wakaenda kumhani, wanawake saba au wanane wenye mabuibui, na birika la kahawa. Sahani ya tende nilibeba mimi.

Tulimkuta uani anakaanga samaki. Walipoanza kulia akadhani kuna msiba kwao, akaacha samaki wakaungua akauliza nani kafa. Yule bibi alimshika mikono, akaigeuza viganja juu, akamwambia kwa upole kwamba hina haimfai tena, akae eda, na wao watamhudumia. Mama yule akauliza, "Nani kakwambieni?" Mtu akajibu kuwa mtoto wake mwenyewe kasema.

Hakumpiga. Laiti angempiga, labda ningelia nikasema ni mimi. Alimtazama tu binti yake aliyesimama mlangoni, akasema, "Mimi nilidhani tunamngoja wawili."

Mimi nilikuwa nimesimama na tende zangu. Nilijua neno moja tu lingetosha, na sikulisema.

Kesho yake chuoni, mwalimu alipomfikia akamuuliza, yule mtoto alisema halua. Macho yake yalikuwa yamevimba. Mwalimu akatuuliza nani aliyatoa ya mkekani, nikautazama ubao wangu. Mchana ule alivaa buibui akaenda kumwomba radhi mama mtu. Sijui waliambiana nini. Nilichoona ni kwamba tangu siku ile hakutuuliza tena. Tulifungua juzuu tukasoma, aliyenuna akanuna, aliyelia akaambiwa afute machozi. Kinu cha iliki kikarudi jikoni. Kabla ya mwaka kwisha mama na binti walihamia Dubai kwa jamaa zao, na kama yule baba aliwahi kutokea, habari hazikunifikia.

Mwaka wa sabini nchi ikafunguka, zikaja skuli zenye madawati na kengele, na chuo kikafa chenyewe. Nyumba ilivunjwa zamani, pamepita njia ya magari yaendayo bandarini. Nikipita pale na gari huwa napunguza mwendo, wenye haraka wananipigia honi. Watoto wote wa mkeka ule tumekuwa watu wa maofisi na vyeo, na nakwambia kweli, sijapata kuona watu wanaojua kunyamaza kama sisi.

Mwalimu aliishi mpaka akazeeka sana. Nilikuwa nikimtazama Ijumaa kwa mkwe wake, mtaa wa Darsait, nikimpelekea uji wa mchele. Mara moja, hali yake ishakuwa dhaifu, akanambia katika yote aliyoyafanya duniani linalomsumbua ni yule mtoto. Alisema, "Nilimfungua mdomo mimi, na mimi sikuweza kumlinda. Kosa ni langu."

Nilikuwa na umri wa kuwa na wajukuu. Mama yangu keshakufa, bibi jirani keshakufa, hakuna wa kunigombeza. Nikamwambia asijitie simanzi, watoto husahau.

Akanitazama. Akaniuliza, "Wewe umesahau?"

Nikamwambia nimesahau.