Karai la Mama Abich: Safari ya Kupima Mifupa Asembo

Nilitoka Kisumu na hasira, nisiwafiche. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, kila mama mzee aliyeletwa wodini kwetu amevunjika nyonga, watu walisema, "Ni uzee tu." Uzee tu! Basi daktari wetu alipoazima mashine ya kupima mifupa na kutafuta muuguzi wa kuizungusha vijijini, nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kusema.

Asubuhi tulipita Otonglo wachuuzi wakipanga nyanya, tukakata kona Kisian. Mashine niliipakata mwenyewe. Dereva wetu, Bwana Ouma, akanitania, "Sista, hiyo mtoto yako hailii?"

Asembo tulipokewa na Mama Abich, mjane muuza omena, wale dagaa wa ziwani, na mwanawe Odhiambo, fundi wa mabati. Tangu mama ateleze ufuoni, Odhiambo alikuwa amemkataza kubeba karai la omena kichwani.

"Mashine iamue," aliniambia. "Ikisema mifupa ni mibovu, hilo karai nalitoboa nitengeneze jiko."

"Na ikisema ni mizuri?" mama akadakia.

"Utabeba, Mama."

"Mmesikia wote!"

Mashine yenyewe haioni mfupa. Mtu analala chali, unambandika vibandiko mkononi na mguuni, umeme mdogo asiousikia unapita, nayo inapima jinsi mwili unavyouzuia. Ukijumlisha urefu, uzito na umri, unakisia nani apelekwe mjini kwa picha ya eksirei.

Mama Abich akalala. Majibu yakatoka mabaya, mabaya kabisa. Akajiinua polepole akaniuliza, "Basi nikae nyumbani ningoje kufa?"

Aliyefuata, mabaya. Mzee wa tatu, mabaya. Aa! Kijiji kizima? Nikamgeukia Odhiambo, mwanamume wa kifua kama mlango: "Bwana, lala hapa." Mashine ikasema hata mama yake ni afadhali. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na hapo kibandiko kikateleza mguuni mwake, puu, chini.

"Umejipaka nini wewe?"

"Mafuta, Sista! Mgeni ametoka hospitali, nije na miguu imepauka kama ya kuku?"

Kumbe wote walikuwa wameoga alfajiri wakajipaka mafuta mpaka wanang'aa, kwa heshima yangu! Umeme ungepenya wapi? Lakini utamwambiaje mama mtu mzima, mbele za watu, akanawe miguu? Ni aibu. Nikaona heri nianze mimi. Nikavua viatu, nikaomba maji na sabuni, nikajisugua miguu hadharani.

Mama Abich akaangua kicheko. "Sista, lete hiyo sabuni!"

Tukampima tena, ngozi kavu. Majibu yakawa mazuri, nami nikapiga kigelegele, uuguzi nikausahau. Odhiambo hakutikisika. "Hiyo mashine imesema mambo mawili leo. Mimi nangoja picha."

Haki yake. Siku ya kurudi walipanda gari pamoja nasi, mama na karai lake limejaa omena. Odhiambo alilitazama, akageukia dirishani. Njia nzima gari lilinuka samaki.

Kisumu, daktari aliinua picha dirishani, akaitazama kwa muda mrefu. Mama Abich alinishika mkono akaubana hasa.

"Mama," daktari akasema, "umri umekwenda, lakini mifupa imebaki. Beba, ila usijaze kupita kiasi."

Tangu safari ile, sijaiamini mashine kabla sijawauliza wenyeji wamejiandaaje kunipokea. Hilo ndilo nililorudi nalo.

Mama Abich yeye alirudi na karai lake. Nje ya hospitali aliomba dakika moja, akatoa kikopo mkobani, akajipaka mafuta miguu yote miwili. Kisha akakunja kata ya kitambaa, akaiweka kichwani, akamtazama mwanawe. Odhiambo aliinama, akaliinua karai kwa mikono yake mwenyewe, akamtwika mama yake. Tukamfuata hadi soko la Kibuye, na hakuna aliyeweza kwenda naye sambamba.