Mayai ya Kanga na Fuwele za Dokta

Siku ya kwanza kazini, pale maabara ya Tororo, nilipewa koti jeupe lililoshonwa kwa ajili ya mwanamume. Mikono yake ilipita vidole vyangu. Msaidizi Mkuu wa Maabara, Bwana Makokha, mtu wa upande wa Kenya, alinitazama akacheka. "Kunja, dada. Hapa koti halimngojei mtu akue." Nikakunja. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na cheti cha Senior Four, kidato cha nne cha Uganda, nikadhani cheti kinafungua kila mlango. Sasa nina ishirini na minne, mtoto yuko mgongoni ninapoandika, na nimekwisha kustaafu. Ndiyo, ndilo neno waliloliandika kwenye barua. Kwa hiyo ninyi wasichana mnaosoma kemia Busia na Tororo, msingoje niote mvi ndipo niwaeleze kazi ilivyokuwa.

Kazi yetu ilikuwa kukuza fuwele. Tazama punje ya chumvi ya mawe: pande zake zimenyooka kwa sababu vijipande vya ndani vimejipanga safu kwa safu. Protini nayo, ikisafishwa na kubembelezwa, hujipanga hivyo. Protini yetu ilikuwa kimeng'enya, yaani protini inayofanya kazi maalumu. Hiki hupasua ukuta wa vijidudu, nacho hukaa katika ute mweupe wa yai. Umbo lake ni dogo mno hata hadubini haiwezi kulionyesha. Lakini ukiwa na fuwele moja safi unaipiga eksirei, miale inatawanyika na kuacha madoa kwenye filamu, na kwa hesabu ndefu za madoa hayo unajua kila kipande kimekaa wapi. Mashine ya eksirei ilikuwa Ulaya. Sisi Tororo tulikuza, tukaziingiza fuwele katika mirija ya kioo myembamba, tukaziba kwa nta, zikapanda ndege. Zilisafiri kuliko sisi.

Mkuu wa Maabara, mtu wa Ulaya tuliyemwita Dokta, alitaka yai la kanga. Yai la kuku, wataalamu wenzake walikuwa wamekwisha kulichunguza. Yeye alitaka kujua la kanga linatofautiana wapi. Miezi mitatu ya kwanza tulipata uji. Kila mchanganyiko uligeuka mweupe kama maziwa, ukatulia chini, basi. Dokta alibadilisha chumvi, akabadilisha asidi, akabadilisha chupa, akamfokea Bwana Makokha, Bwana Makokha akanifokea mimi.

Mimi nimeolewa Buhehe, mashambani Busia, na Buhehe kanga ni wengi. Ndege huyu hatagi bandani. Anajificha kichakani, majike kadhaa wanashirikiana kiota kimoja, na ukichukua mayai yote wanahama. Kwa hiyo wanawake huacha machache kiotani na kuyatia alama ya mkaa. Yenye mkaa ni ya zamani, yasiyo na mkaa ni ya leo. Wauzaji walipoambiwa kituo chetu cha utafiti kinataka mayai mengi, walileta yote, ya mkaa na yasiyo na mkaa, kikapu kimoja. Yale ya zamani mengine yalikuwa yameatamiwa wiki nzima, ute wake umekwisha kuharibika. Nikaanza kuchagua kabla ya kuvunja. Wiki ya pili, chini ya chupa, niliona fuwele kubwa kama punje ya wimbi, pande zimekatika kama kioo. Niliita mpaka mfagiaji.

Siku moja Dokta alinikuta mezani nikichagua. "Nini hii uchafu? Osha yote."

"Si uchafu, Dokta. Ni tarehe."

Alicheka mpaka akavua miwani. Akawasimulia wageni wake kwamba kwetu mkaa ndio kalenda. Katika daftari lake aliandika: mayai ya kanga, yaoshwe. Sikubishana. Niliendelea kuchagua kwanza, kisha nikaosha.

Nyumbani nako kulikuwa na vita yake. Mama mkwe aliniona nikipanga mayai kikapuni, na mimba ishaonekana. "Thelathini! Mke wa mwanangu, kwetu mwanamke hali yai. Huyo mtoto atatoka na kichwa kama kibuyu."

"Siyali, mama. Nayavunja tu."

"Unayavunja? Bora ungeyala."

Mimba ilipofika miezi sita koti likakataa kufunga vifungo. Dokta akaniita ofisini. Bwana Makokha alikuwa amesimama karibu na dirisha.

"Kanuni ya kituo," Dokta akasema. "Mwanamke na mimba nakwenda nyumbani."

"Nitarudi lini?"

"Hapana rudi."

"Na mayai atachagua nani?"

"Yai ni yai, mama."

Nilimtazama Bwana Makokha aseme neno. Alitazama viatu vyake. Barua ilisema nimestaafu kwa hiari. Hiari ya nani? Mwezi ule ule picha zilirudi kutoka Ulaya, madoa safi, yamejipanga kama mahindi ya shamba la misheni. Makala ikachapishwa. Niliiona kwa Bwana Makokha, nikaisoma kila mstari. Jina la Dokta, na jina la mtu wa Ulaya ambaye hajawahi kumwona kanga hata kwenye sufuria. Mwishoni kabisa, shukrani kwa "wahudumu." Fuwele zile nilizikuza mimi, na mgongo unauma, na miguu imevimba. Wahudumu!

Mwanangu Wandera alizaliwa na nywele za kusuka. Alipofika miezi minne, Landrova ya kituo ikasimama uani kwetu. Dokta akashuka, Bwana Makokha nyuma yake na kikapu. Mayai yameoshwa yanang'aa. Nilielewa kabla hawajafungua kinywa.

"Mama Wandera," Dokta akasema, "tangu wewe nakwenda, yote maziwa. Chumvi ile ile, asidi ile ile. Ulaya nangoja fuwele. Wewe nafanya nini?"

"Nirudishie meza yangu, nitakuonyesha leo leo. Mtoto atakaa na bibi yake pale kituoni. Nitamnyonyesha saa nne na saa saba, kazi haitalala."

"Kanuni ni kanuni." Akatoa blanketi kwenye gari. "Hii ya mtoto."

"Mtoto ana blanketi."

Akarudi garini kukaa. Bwana Makokha akasogea. "Dada, mwambie tu. Na mimi ananitishia."

"Siku ile ulitazama viatu."

"Nilitazama," akasema. "Nina watoto sita."

"Na mimi ninaye mmoja, na ndiye aliyenifukuzisha. Nenda, kaka. Nikikuambia wewe, kesho siri itakuwa ya Dokta."

Walipoondoka mama mkwe aliketi chini akicheka, machozi yakamtoka. "Wameyanawisha kama watoto wa komunio! Hata mimi nimeona. Si ungewaambia tu ni mkaa?"

"Niliwaambia, mama. Walicheka."

Nimekaa na hasira hii mwaka mzima. Watu wananiambia nishukuru, nina mume, nina mtoto, nina shamba. Sikatai. Lakini nilikuwa pia na meza, na kulikuwa na kitu kimoja duniani nilichokiweza kuliko Dokta wa Ulaya. Kukificha nimejaribu, kinaniozea tumboni. Kumpa yeye siwezi. Kwa hiyo nawapa ninyi, yeye akitaka naye asome.

Njia ya kukuza fuwele za kimeng'enya cha yai la kanga, kama ilivyofanywa na Anna Nabwire wa Buhehe. Nunua kwa wanawake wenyewe, uulize kila yai limeokotwa lini. Lenye mkaa liache. Tenga ute, uuchuje kwa kitambaa kizito bila kuupiga povu. Tia chumvi na magadi, weka chupa mahali pa baridi, ungoje siku kadhaa. Kitakachotulia chini kiyeyushe katika asidi ya siki, uongeze maji ya chumvi tone kwa tone, ukome mara tu unapoona ukungu. Funika. Usitikise, usionyeshe wageni. Ikitokea fuwele, usimkimbilie mkubwa wako. Chukua kalamu ya wino, uandike kwenye daftari siku, kipimo, na jina lako lote, la kwako na la ukoo. Halafu ndipo umwite.