Kwenda Mwanza Kutetea Mguu

Niliondoka kijijini kwetu Mamba kwa sababu nilikuwa nimeambiwa nikatwe mguu. Nasema hivyo bila kuzunguka, maana nasikia vijiweni wanasema nilikwenda kutembelea ndugu. Sikwenda kutembea. Mguu wa kulia ulivimba kuanzia unyayoni, ukatoboka matundu, na kwenye matundu yakawa yanatoka usaha na punje ndogo kama chenga za mchele. Vidonge vya fangasi nimevimeza tangu mpunga uko kitaluni hadi umevunwa, na mguu ndio kwanza unanenepa. Daktari wa huku kwetu akasema, "Mzee, huu tuukate chini ya goti kabla mfupa haujaliwa wote." Mimi niliishia darasa la pili. Sina pensheni, sina cheo. Nilitoka Usukumani na jembe na ng'ombe wachache, na majaruba yote ya mpunga mnayoyaona nimeyachimba mwenyewe. Nikasema sikatwi mpaka nisikie Mwanza, kwenye hospitali kubwa, wanasema nini.

Tulipofika Mpanda, mimi na binti yangu Nyamizi aliyenisindikiza, tulilala mtaa wa Makanyagio kwa Sudi, mfanyabiashara anayenunua mpunga wangu kila msimu. Alinipokea mlangoni.

"Haa, Mzee Maganga! Huo mguu umeuazima kwa viboko wa Sitalike?"

"Cheka tu. Wewe umejaza tumbo, mimi nimejaza mguu."

Akacheka, halafu akaona kitambaa kilivyolowa, akaacha. Tukiwa tunakula akasema polepole, "Kaka, wakisema wakate, kubali. Bora ubaki na mmoja kuliko tukuzike na yote miwili."

"Kwani ni mguu wako?"

Akanisogezea mboga, tukamaliza kula.

Barabara ya Tabora siku hizi ni lami, basi linakwenda vizuri, lakini mguu ulikuwa unanuka. Mama niliyekaa naye alijiziba pua kwa khanga, mwishowe akahamia nyuma. Nyamizi akataka kumsemesha. Nikamwambia, "Mwache. Na mimi ningeweza kuuhama, ningeuhama."

Mwanza tulifikia kwa mdogo wangu, Kabula, ambaye ameolewa huko. Kesho yake hospitali. Pale niliangukia mikononi mwa wawili: daktari wa upasuaji, na daktari mama wa ngozi. Walitoa kinyama kidogo mguuni, wakajaribu kukiotesha maabara waone ni kidudu gani. Hakikuota kitu. Walipotazama kwa darubini, hawakukubaliana. Huyu wa upasuaji akasema hakuna cha kusubiri, akanipangia siku ya kuingia chumba cha upasuaji.

Siku moja kabla ya hapo akaja nesi na fomu. "Babu, kinyama chako kinakwenda Dar kupimwa DNA. Weka dole gumba hapa."

DNA! Nyie wote mnasikiliza redio. DNA ni mwanaume anakataa mtoto, mama analia, ndugu wanagawanyika. Nikamtazama nesi, nikamtazama Nyamizi, ambaye kweli hajafanana na mimi hata kidole.

"Nimewaletea mguu, nyie mnataka kunipimia watoto?"

Nikachukua fimbo yangu nikatoka nje, mguu unaniwaka. Nikampigia mke wangu kumwambia watu hawa hawana adabu. Sikufika mbali na maneno yangu.

"DNA? Maganga, watoto wote niliokuzalia, leo ndio unakwenda kunipima Mwanza? Ukirudi na hayo majibu hunikuti hapa."

Akakata simu. Nikageuka, Nyamizi yuko nyuma yangu, amesikia.

"Baba, kwani una wasiwasi na mimi?"

Daktari wa upasuaji naye akapita, akaongea huku anatembea: "Mzee, kama hutaki kipimo, kesho tunakata."

Daktari mama alinifuata kwenye benchi. Hakunibembeleza, akakaa.

"Shikamoo, mzee. Hatumpimi mwanao. Tunapima kidudu."

"Kidudu kina DNA?"

"Kila kiumbe kina maandishi yake ndani. Mashine inayasoma herufi kwa herufi, sisi tunalinganisha na ya vidudu tunavyovijua. Ugonjwa wako una jamii mbili, na kwa macho zinafanana. Kama ni fangasi, dawa zake ni ngumu na huenda kweli tukakata. Kama ni bakteria, kuna sindano na vidonge vyake, na mguu unaweza kubaki."

"Kama chapa ya ng'ombe," nikamwambia. "Akichanganyika na wa watu mnadani, rangi haikusaidii. Unatazama chapa."

"Ndiyo hiyo."

"Sasa mbona hamkusema chapa? Na maandishi yasiposomeka?"

"Tutakata."

Nikaweka dole gumba. Wa upasuaji alikubali kungoja, lakini akasema homa ikipanda hangoji mtu. Nyamizi ndiye aliyempigia mama yake na kumweleza. Sijui alimwambiaje, ila mama yake hakutaka kuongea na mimi.

Nyumbani kwa Kabula kungoja kulikuwa kubaya kuliko maumivu. Mguu ukapata joto. Kila asubuhi shemeji ananigusa paji la uso kama mtoto, halafu anamtazama mke wake. Simu ikilia nyumba nzima inageuka kuitazama. Siku joto lilipofika gotini, Kabula alianza kufunga nguo zangu za kulazwa, na mimi nikamwacha afunge.

Tukaingia hospitali na ule mzigo. Daktari mama alikuwa mlangoni, na majibu yalikuwa yamefika asubuhi hiyo.

"Ni bakteria," akasema. Akataja jina lake, refu, sikulishika. "Wanaishi udongoni. Wameingia kwa mwiba au jeraha. Mfupa umeguswa kidogo. Dawa ni za miezi mingi, na siahidi kila kitu. Ila hatukati."

Nyamizi alilia pale pale. Mimi niliomba maji ya kunywa.

Nilirudi Mamba baada ya sindano za kwanza, nyingine zikaendelea Mpanda. Watu walijaa uani kunipa pole, wote macho chini, wanahesabu miguu. Mke wangu hakunisalimia. Aliinama akafungua kitambaa mwenyewe. Matundu mengi yalikuwa yamefunga, moja bado linatoa maji.

"Hili?"

"Dawa bado."

Akaenda kuchemsha maji ya kuliosha.

Nilichojifunza ni kwamba mguu uliovimba siyo jina la ugonjwa. Nilimeza dawa msimu mzima kwa kidudu ambacho hakuna aliyekuwa anakijua. Kidonda kisichosikia dawa, uliza: kidudu chake mmekijuaje?

Watu walipoondoka, jirani yangu mmoja alibaki, mtu mzima, mwenye majivuno kama yangu. Akapandisha suruali. Kwenye kifundo cha mguu kulikuwa na uvimbe na matundu.

"Na mimi ninacho," akasema. "Naficha. Naogopa watanikata."

"Kesho tunakwenda wote Mpanda," nikamwambia. "Na wakikutajia DNA, kaa kwenye kiti."