Kiambaza Kilichogawanywa kwa Haki

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya magari Ghubra, natoka kazini, simu ikalia. Nilipofika nyumbani nikausoma ujumbe. Ulikuwa wa mama mdogo, ameuandika kwenye kundi la ukoo: mwaka huu tunakwenda mchangani sote, kambi ameshaikodi, na kila mtu aje na fremu yake tuziweke pamoja tupige picha. Chini yake mioyo myekundu tele, kila mmoja kafurahi. Mimi nilibaki na simu mkononi, damu inanichemka. Ngoja nikueleze fremu hizo ni za nini, maana nisipokueleza utaniona mwanamke wa chuki tu.

Sisi tumezaliwa hapahapa Maskati, lakini bibi yetu, mama yake mama, alikuja kutoka Unguja akiwa mtu mzima, na mwili wake haukuwahi kupatana na baridi ya huku. Mgeni hudhani kwetu ni joto mwaka mzima. Mwambie akalale jangwani mwezi wa Januari, kisha umuulize. Bibi alikuwa na msemo wake, akiurudia kila mwaka: kipupwe cha kwao kinabisha hodi, baridi ya huku haina adabu, inaingia tu mpaka chumbani kwa mtu. Juu ya hayo yote, likizo ya nusu mwaka ya shule ikikaribia, yeye ndiye wa kwanza kuuliza lini tunatoka kwenda kulala kwenye mchanga wa Bidiya.

Tulikuwa tukienda na pikapu ya mjomba. Nyuma hupakiwa masufuria, seredani, gunia la makaa, mikeka, mablanketi, nazi zilizofungwa kwenye kikapu ili zisiviringike, na juu ya vyote, limekazwa kwa kamba, furushi kubwa la kiambaza. Kwenye nyumba za kwao kiambaza ni ukuta wa udongo. Cha bibi kilikuwa cha nguo. Alituhadithia kwamba safari ya kwanza kabisa upepo ulizima moto na kutia mchanga kwenye wali, watu wakala huku meno yanasaga. Aliporudi mjini akafungua sanduku lake la kanga, akakaa chini, akaanza kushona ukuta wa kuzuia upepo.

Kanga, unajua, huuzwa vipande viwili. Bibi akaweka sheria: mwanamke yeyote wa ukoo akipata kanga ya jambo kubwa, harusi au uzazi, kipande kimoja avae na kimoja ampelekee yeye. Kwa hiyo kiambaza kilikuwa kinakua. Mimi nilipopata akili kilikuwa kirefu kuliko pikapu yenyewe. Katikati kabisa pana kisutu, kanga ya harusi ya mama yangu, chekundu na cheusi, na ubavuni pake kanga ya zambarau aliyopewa mama nilipozaliwa mimi. Hiyo ya kwangu bibi aliishona kichwa chini miguu juu. Macho yalikuwa yameshaanza kumchoka, na alipoambiwa akakataa kuifumua. Akasema mtoto mwenyewe mtundu, imemkaa.

Chini, kwenye ukingo wote, alishona mfuko mrefu wa kitambaa cheupe cha marekani, upana wake kama mkono unavyoingia. Kuujaza mfuko ule mchanga ilikuwa kazi yetu watoto. Tulipiga magoti na vikombe vya chai, tunachota na kusukuma, tunachota na kusukuma, mpaka vidole vinakufa ganzi, maana mchanga wa jangwani asubuhi una baridi ya ajabu. Mjomba husimamisha fito, kiambaza kikanyanyuka, na mzigo wetu wa mchanga ukakishikilia kwa chini. Ukishaingia nyuma yake upepo unausikia tu, nguo zinapigapiga, lakini moto umesimama wima na chai haina hata chembe.

Huko nyuma ndiko maisha yetu yalikokuwa. Mafuta ya nazi yaliganda kwenye chupa, jambo ambalo bibi hakulizoea mpaka anakufa. Akiigeuza chupa juu chini anaguna, kisha anaiegesha karibu na seredani iyeyuke, ndipo atupake nywele mmoja mmoja. Nikivuta pumzi nikiwa mpweke hunijia ile harufu ya nazi na moshi, na uji wa pilipili manga, na mkate wa kumimina ulioshika rangi juu. Halafu kuna jambo ambalo watu wakiniuliza huwa hawaniamini. Kusoma Kiswahili nimejifunza pale. Shuleni tulifundishwa Kiarabu na Kiingereza. Kiswahili kilikuwa cha mdomoni, cha nyumbani, hapakuwa na mwalimu wake. Lakini alfajiri, jua likipiga upande wa pili, maneno ya kanga hung'aa usoni kwako umelala chali. Mama alinionyesha herufi kwa kidole. Ya kwangu niliisoma nimepindua shingo mpaka ikaniuma.

Bibi alifariki mimi niko nje kwa masomo. Vitu vyake vilishughulikiwa na mama mdogo, anayekaa Ansab, mtu mwepesi wa kazi na mwepesi wa kulia. Akaona kiambaza kitaleta maneno: akae nacho nani? Akamuuliza mama yangu, aliye mkubwa wao, na mama, machozi hayajamkauka, akamjibu, "Fanyeni mnavyoona." Anayemjua mama yangu anajua kwamba hilo ndilo neno lake la kukataa. Mama mdogo hakulijua, au siku ile hakulisikia. Akakipeleka mtaa wa Ghala kwenye karakana moja ya fremu, kikakatwa miraba iliyolingana, ili kila mtu apate chake sawa na mwenzake. Kwa haki, alisema. Kila mraba ukabandikwa kwa gundi juu ya ubao, ukatiwa kioo na fremu ya dhahabu.

Niliporudi nilikabidhiwa wangu umefungwa utepe. Ndani yake nikaona kona ya kisutu cha mama, kama kiganja hivi, na nusu ya neno la kanga yangu. Nikasema ahsante. Wewe ungesema nini? Mama mdogo amesimama mbele yangu anatabasamu, na alilolifanya kalifanya kwa mapenzi, na hilo ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu sina wa kumkasirikia. Fremu yangu niliitundika kwenye ukumbi, napita bila ya kuitazama. Ya mama ilikaa juu ya kabati na karatasi yake vilevile, hajapata kuifungua.

Basi ujumbe ulipokuja nikamsomea mama. Mwaka huu ametoka kupasuliwa goti, anatembea kwa mkongojo, nikadhani atasema hawezi.

"Nitakwenda," akasema. "Lakini nnataka nikae nyuma ya kiambaza."

"Mama, kiambaza kilikatwa."

"Nnajua. Mie nilikuwepo. Kishoneni."

Hajawahi kuniomba kitu kikubwa mama yangu, na sauti aliyoniombea ilinifanya nisiweze kubisha. Utasema si ningenunua kanga mpya nikashona kingine. Nilimwambia hivyo. Akanijibu hicho kitakuwa changu, nikae nacho mimi na wanangu. Yeye anataka kile chenye kisutu chake.

Nikabeba fremu yangu mpaka Ghala. Fundi akaondoa kioo, akapitisha kisu chembamba chini ya kona ya kitambaa. Rangi ilibaki kwenye ubao, nyuzi zikaja mkononi. Nikamwambia aache. Nikatoka pale moja kwa moja mpaka Ansab, nikamuuliza mama mdogo ule mfuko wa chini, wa marekani, uko wapi, maana huo haukuingia kwenye fremu ya mtu. Nilifikiri walau nianzie hapo.

"Kile kitambaa cheupe kikuukuu?" akasema. "Hakikuwa na ua wala neno, mwanangu. Tulifutia madirisha."

Nikanywa kahawa yake, nikala halwa yake, nikaaga vizuri. Nikaingia ndani ya gari, nikalia kwa hasira mpaka mlinzi wa nyumba ya jirani akaja kugonga kioo kuuliza kama niko salama.

Alhamisi tukaenda. Kambi yenyewe ina mahema yenye vitanda na mazulia, taa za rangi, jenereta inanguruma nyuma ya choo, na biriani imeletwa kwenye maboksi. Hakuna aliyechota mchanga. Mama mdogo alizipanga fremu kwenye meza ndani ya hema kubwa, zote isipokuwa ya mjomba iliyopotea alipohama nyumba. Ya mama, mama mdogo ndiye aliyeifungua karatasi. Picha zikapigwa. Mpwa wangu mdogo akauliza kwa Kiarabu hivi ni vitu gani, na mtu akamjibu ni mapambo ya bibi wa zamani. Mtoto akajaribu kusoma, akakuta neno limekatika, akaenda zake kucheza. Hapo ndipo nilipoelewa kilichotutoka. Vitambaa tunavyo, kila mtu anacho chake ukutani. Mahali pa kukaa ndipo hatuna tena.

Mama alikataa kukaa hemani. Akataka kiti nje, karibu na moto, na magharibi ilipopita upepo ukaanza, ule ule usio na adabu, ukamletea jivu usoni. Watu wakamwita aingie ndani. Akavuta mtandio wake, akaniita mimi.

"Niletee hicho changu."

Nikaingia nikaitoa fremu yake mezani. Akanionyesha kwa mkongojo pa kuiweka, upande unakotoka upepo, imesimama juu ya mchanga ubavuni mwa kiti. Ilimfika chini ya goti.

"Inanikinga miguu," akasema. Mama yangu si mtu wa mzaha, na sikujua nicheke au nipige kelele. Kisha akaimwaga chini chai iliyobaki kikombeni mwake, akainama kwa taabu, akachota mchanga kwa kikombe hicho akaumwaga kwenye shina la fremu ili isianguke.

Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni mwa hema. "Dada, itaingia mchanga," akasema.

"Ilikuwa na mchanga miaka yote," mama akamjibu bila ya kugeuka.

Nikarudi hemani nikazichukua fremu zilizobaki, na mama mdogo hakunizuia. Moja akanipa yeye mwenyewe, uso ameuinamisha chini. Nikazisimamisha mstari mmoja baada ya ile ya mama. Kona za kisutu hazikukutana popote. Nikapiga magoti, nikachukua kikombe, nikachota na kumwaga, na vidole vikaanza kufa ganzi kama zamani. Miguu ya mama ilipata joto. Kuanzia magoti kwenda juu, upepo uliendelea kumpiga.