Kinga ya Mama Mkwe

Watu huenda Ufaransa kuendesha baiskeli kwa ajili ya mandhari, jibini na mvinyo. Mimi nilitafuta barabara tulivu kuliko zote za mashambani kule kwa sababu moja tu: nisimwonyeshe mama mkwe makalio.

Nianze mwanzo, la sivyo nitaonekana mtu wa ajabu. Mimi ni Mkenya. Nilikuja Buffalo, Marekani, kusoma, nikapata kazi, nikabaki, na sasa naishi Amherst, mahali ambapo ukitembea kwa miguu majirani hudhani gari lako limeharibika. Kila Jumamosi napanda baiskeli. Mke wangu ni Mkongo wa Uvira. Siku nilipokwenda kwao Black Rock, mtaa wa Buffalo, kujitambulisha, tayari alikuwa amemwambia mama yake mambo mawili kunihusu: kwamba nimeokoka, na kwamba napenda baiskeli. Kitu ambacho hakuniambia mimi ni kwamba kwao baiskeli huitwa kinga.

Mama alinikalisha, akanipa soda, akasema kwa upole, "Bon. Nilisikia uko na kinga."

Kwetu Kenya kinga ni kile kitu ambacho vijana hununua dukani bila kumtazama muuzaji machoni. Soda ilinipalia. Nilipopata pumzi nikasema, "Hapana, Mama. Mambo hayo tumeamua kusubiri hadi harusi."

"Harusi inaingia wapi?" akashangaa. "Mimi nilikuwaka na yangu mbele ya ndoa. Ya Chinois, nguvu sana. Hata pasteri alikuwa anaiazima siku ya Yenga."

Chinois ni Mchina na Yenga ni Jumapili, hayo niliyajua, na hayakunisaidia. Mke wangu alitoka jikoni akiwa ameshika ukuta kwa kicheko, akatutafsiria, kila mmoja kwa mwenzake. Mama alipoelewa nilichokuwa nimefikiria, alijifunika uso kwa ncha ya kikwembe, ile nguo ya kitenge anayojifunga kiunoni juu ya chochote alichovaa. Sidhani kama aliwahi kunifunulia uso tena sawasawa.

Mahari ilipopokelewa mambo yakawa mazito zaidi. Kwao mama na mkwe wake hawazoeani. Hawali meza moja, hawapeani mgongo, na maneno yao hupitia kwa mtu wa tatu. Wakongo wengi wa Buffalo wamelegeza, yeye hakulegeza. Nikageuka "Monsieur," yaani "Bwana" kwa Kifaransa. Nimeketi pale pale, ananiona, naye anamwambia binti yake, "Mwambie Monsieur chakula kilikuwa muzuri." Iliniuma. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa shule ya upili, na nilikuwa nimejiahidi kwamba nikioa nitapata mama mwingine. Nilichopata ni jirani mwenye heshima nyingi.

Safari ilikuwa wazo lake. Dada yake mkubwa anaishi katika kijiji kidogo katikati ya mashamba ya Ufaransa, na walikuwa hawajaonana tangu vita viwatawanye, huyu huku, yule kule. Mke wangu alipendekeza ndege, halafu treni, halafu taksi. Mama akakataa taksi. Ujanani, kwenye uwanda wa Ruzizi, alikuwa akienda kufundisha kwa kinga, dada yake ameketi nyuma kwenye keria. "Ninataka anione juu ya kinga," alisema. "Njo atajua ni mimi." Njo yao ni ndipo yetu, na ndiyo pia.

Kwa kuwa jambo lilikuwa la mila, tulipiga simu ya video na ukoo. Kaka wa mke wangu, anayefanya kazi ghalani Louisville na ndiye mkubwa wao tangu baba yao afariki, aliuliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria. "Donc, nani atatangulia?"

"Mukwe atangulie," akasema dada yao wa Columbus, aliyekuwa ndani ya gari mbele ya duka.

"Na mama ataangalia nini njia yote? Si matako ya mukwe?"

"Basi mama atangulie."

Shemeji akakohoa kule Louisville, dada yao akapandisha kioo cha gari kule Columbus, na mimi kule Amherst nikatazama dari. Mtoto wa shemeji akasema kutoka mahali fulani, "You guys are so weird." Mwishowe shemeji akakata shauri: "Mutafute njia yenye haina magari. Muende bega kwa bega, mutoto wake katikati."

Hivyo ndivyo nilivyogeuka bingwa wa barabara tulivu. Nilizichungulia kwenye ramani ya simu wakati wa chakula cha mchana kazini: vijibarabara vyembamba vinavyotoka shamba moja kwenda jingine, vingine vimeota majani katikati, ambavyo nadhani hata Wafaransa wamevisahau. Wenzangu wa ofisini waliniona mtu wa starehe. Jumamosi tulifanya mazoezi kwenye njia ya kando ya mto, kuanzia Black Rock. Mara ya kwanza Mama aliponiona na kaptula yangu ya kubana alimwambia binti yake, "Mwambie Monsieur amesahau suruali." Waendeshaji wengine walitupigia kelele tuwapishe, maana tulikuwa tumeziba njia nzima, naye akawajibu "merci" kwa moyo mweupe.

Siku ya kwanza Ufaransa ilikuwa tamu. Tulikodi baiskeli kwenye mji wenye stesheni, tukaingia mashambani, watatu sambamba, mke wangu katikati kama pazia. Ngano huku, alizeti kule, ng'ombe weupe wakiinua vichwa. Gari pekee lililotupita asubuhi nzima lilikuwa la mwoka mikate. Kwenye kila kijiji madirisha yamefungwa, hakuna mtu, na Mama akiona hata kizee kimoja anashuka, anasalimia, anauliza habari za watoto, za mifugo na za mvua. Mmoja alipomwelekeza njia, Mama alirudia namba ya barabara kwa Kifaransa cha kwao, "septante-quatre," sabini na nne ambayo Wafaransa wenyewe huitamka vingine, na yule mzee akauliza kwa furaha kama sisi ni Wabelgiji. Mama alicheka hadi baiskeli ikayumba. "Babeleji balitutawala," alimwambia binti yake, "leo tunaitwa Babeleji."

Wenye baiskeli kule hujaza chupa zao kwenye bomba la makaburini. Maji ni safi, kibao kinasema hivyo. Nilijaza za wote. "Mwambie Monsieur maji ya marehemu anywe yeye," alisema Mama. Kiu ilipomzidi aliyaombea, sala ndefu yenye kukemea, akanywa chupa nzima.

Asubuhi iliyofuata mke wangu aliteleza kwenye ngazi za nyumba ya wageni, kifundo cha mguu kikavimba. Tukaita taksi impeleke kwa mama mkubwa pamoja na mizigo. Mimi nilidhani tutaingia sote. "Nilikuya kupanda kinga," alisema Mama, "sikukuya kupanda taksi." Taksi ikaondoka na pazia letu na mkalimani wetu, tukabaki wawili barabarani, kila mtu akitazama majani ya upande wake.

Tulikwenda bega kwa bega, na nafasi ya mtu mmoja katikati. Nilikuwa najiuliza atasemaje na mimi. Baada ya kitambo nikamsikia akiongea na usukani wake. "Wewe kinga, mwambie Monsieur apunguze mbio."

Nikapunguza. Nikainamia wangu. "Baiskeli, muulize Mama kama ana njaa."

"Kinga, mwambie Monsieur njaa iko."

Tulikula mkate tukiwa tumepeana ubavu, na baiskeli zikatupitishia mazungumzo mengi kuliko tuliyowahi kuwa nayo tangu harusi. Nilijua sasa kwamba anapenda jibini na kwamba haogopi mbwa.

Alasiri upepo ukatujia usoni. Barabara ilitoka kwenye miti ikaingia kwenye ngano tupu, na mnara wa kanisa la kijiji cha dada yake ukaonekana mbele, mdogo, ukakataa kukua. Mama alikanyaga bila kusonga. Mwishowe alishuka, akaegemea usukani. "Kinga," alisema, "mwambie Monsieur apigie mutoto. Taksi ikuye." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayezuia kilio.

Dawa ya upepo kila mwendesha baiskeli anaijua. Mwenye nguvu hutangulia, mwenzake hukaa nyuma yake karibu kabisa, na upepo humpiga wa mbele peke yake. Dawa nilikuwa nayo, ila ilikuwa imekaa mahali pasipoonyeshwa mama mkwe.

"Baiskeli," nikasema, "mwambie Mama kwamba kwetu neno kinga lina maana nyingine."

Akainua kichwa ghafla. "Kinga, mwambie Monsieur asirudilie ile mambo."

"Si ile. Kwetu kumkinga mtu ni kuzuia kitu kisimfikie. Mwambie Mama, nikikaa mbele naye akanifuata karibu, nitamkinga upepo mpaka mlangoni kwa dada yake."

Alitazama mnara. Alitazama kaptula yangu, akafumba macho. Kisha akafungua kikwembe kiunoni, chini akabaki na suruali yake ya kazini, akaninyooshea ile nguo huku uso ameugeuzia ngano.

"Funga hii, mwana yangu."

Hakuiambia baiskeli. Aliniambia mimi.

Nilijifunga kikwembe, nikachomeka ncha zake ili mnyororo usizile, nikatangulia. Alinifuata karibu sana hata nikawa nasikia pumzi yake. "Polepole, mwana," alisema mara moja. Baadaye, "Sasa kaza." Nilikuwa na furaha kiasi kwamba machozi yalinitoka, na kwa kuwa nilikuwa mbele hakuna aliyeyaona. Mnara ukaanza kukua.

Mke wangu alikuwa ameketi uani, mguu juu ya kigoda. Dada mkubwa alikuwa nyuma ya nyumba akianua nguo. Mama, aliyevuka bahari ili aonekane juu ya kinga, aliitupa kwenye majani nje ya lango akakimbia kwa miguu. Walishikana, wakalia, wakaachiana watazamane, wakashikana tena. Mimi nilisimama langoni na kikwembe changu, sijui niende au nikae.

Hatimaye dada mkubwa akajifuta macho, akachungulia huku na huku. "Nilisikia ulikuya na kinga," alisema. "Iko wapi?"

Mama hakutazama nje. Alikuja langoni, akanishika mkono, akanivuta mpaka mbele ya dada yake.

"Njo hii," akasema.