Vitunguu Saumu Vilivyokataliwa

Ukifika kwa Efrazia Tluway, pale Endagikot, ilibidi utaje jina lako ukiwa bado nje ya uzio. Angeuliza, "Nani?" Ungejibu. Angeuliza tena, "Nani wa wapi?" Ndipo ungesikia komeo likivutwa.

Hakuzaliwa hivyo. Mwaka mmoja baada ya kumzika mumewe, alikwenda kulima akakuta shamba limepungua matuta mawili. Minyaa ya mpakani ilikuwa imeng'olewa na kupandwa upya, tena kwa ustadi, na aliyefanya hivyo alikuwa jirani aliyebeba jeneza la marehemu. Baraza la kata lilirudisha mpaka mahali pake. Efrazia mwenyewe hakurudi alipokuwa.

Alikuwa na miaka hamsini na minne kampuni moja ya Arusha ilipokuja kutafuta vitunguu saumu. Haikutaka vibichi vya kwenda sokoni. Ilitaka vipande vyembamba, vilivyokaushwa kwenye kaushio la jua, ivisage na kuupeleka unga Ulaya, ambako huwekwa ndani ya vidonge vya watu wanaotunza mioyo yao. Wanachama kumi na wanane wa kikundi cha wakulima, ambacho Efrazia naye alikuwemo, walicheka sana siku ile. Mtu anameza kitunguu saumu kama dawa ya malaria, na mboga yake anaila bila kitunguu!

Efrazia hakucheka. Alimtazama Irene, binti wa kampuni aliyekuwa akiwaeleza hayo, jinsi alivyokuwa akipiga picha kila kitu kwa simu: mashamba, maji, visu, hata kucha za wanawake.

"Picha za kucha zetu ni za nini?" aliuliza.

"Ni za usafi, mama. Mnunuzi wa kule anataka kujua chakula chake kimepita mikononi mwa nani."

"Na sisi tutajuaje kimeingia kinywani mwa nani?"

Watu wakacheka tena, lakini yeye alikuwa ameuliza kwa dhati.

Kwa kuwa hakuna aliyekuwa mwangalifu kama yeye, walimpa kazi ya kuchambua na kupima. Kipande chenye doa hakikumpita. Hata hivyo, jambo moja lilimnyima raha. Mfuko aliopima Jumatatu, akiupima tena Ijumaa ulikuwa umepungua. Joakimu, mwenyekiti wao, alimweleza kwamba vipande vinaendelea kukauka hata ndani ya mfuko.

"Maji yanaondoka, Mama Evaline. Hayaibiwi, yanaondoka."

"Maji hayana mikono ya kufungua kufuli," alijibu.

Ghala la kikundi lilikuwa na funguo mbili, kwa watu wawili tofauti. Alilalamika kikao cha kwanza, cha pili na cha tatu, hadi wakachoka, wakakubali mifuko ihamie nyumbani kwake, kwenye chumba cha ndani ambacho ufunguo wake aliufunga kwenye pindo la kanga. Hakuna aliyeingia humo. Irene alipokuja kukagua na kuomba kuona mahali pa kuhifadhia, Efrazia alisimama mlangoni.

"Chumba ninachowekea vitu vyangu siyo cha maonyesho. Ghala umeliona, kaushio umeliona, inatosha."

Irene, kwa heshima ya umri, hakumbishia. Alipiga picha ya mlango, akaandika kitu, akaondoka.

Shehena ya kwanza ilikataliwa. Irene alisoma barua mbele ya kikundi: maabara imekuta mabaki ya dawa ya wadudu, na mzigo wote utateketezwa. Msimu mzima wa kupanda, kumenya, kukata na kugeuza juani ulipotea kwa sentensi mbili.

Kila mtu alimtazama mwenzake. Nani amepulizia? Walikuwa wameahidiana kutotumia dawa shambani, wakatia sahihi. Kisha Efrazia akanyoosha mkono.

"Mimi nitasema, kama wengine mnaogopa. Lameck nilimwona bombani, pale tunapooshea vitunguu, akiwa na lile pipa la mgongoni la kunyunyizia ng'ombe dawa ya kupe."

Lameck Gidamis alikuwa mtu wa Gendabi, wilaya ya Hanang, mtoto wa wafugaji. Alimwoa Letisia, binti wa pale pale Endagikot, akaja kuishi karibu na wakwe zake na ng'ombe wake wanne. Alijifunza kulima vitunguu saumu ukubwani, na alivilima vizuri.

"Nilikwenda kuchota maji," alisema Lameck. "Pipa huwa naliosha nyumbani, mbali na bomba. Muulizeni mke wangu."

"Mke atasema nini tofauti na mumewe?" alisema Efrazia.

Walipiga kura ya kumtoa. Mikono kumi na minne ilipanda. Lameck aliweka kisu chake cha kukatia vitunguu juu ya meza, akatoka. Lakini shida haikuishia kwenye kikundi. Wakwe zake walianza kumkwepa, kanisani watu walianza kusogea mbali naye, na kabla ya mvua kuanza, yeye na Letisia walikuwa wamerudi Gendabi na ng'ombe wao.

Msimu uliofuata Efrazia alikaza ulinzi. Aliweka kufuli la pili, na madirisha ya chumba cha ndani akayaziba kwa mabati. Safari hii Irene alichukua sampuli mapema, kabla mzigo haujaondoka. Majibu yalirudi yale yale.

Sasa Lameck hayupo. Nani tena? Efrazia alianza kumshuku Joakimu, aliyekuwa na bustani ya kabichi. Akamshuku Irene: huenda barua ni za uongo, huenda kampuni inasema vimekataliwa na kumbe inavisaga vyote. Usingizi ulimpungua. Alimwendea Irene alipokuja tena, akamwambia waziwazi, "Mimi siamini hiyo maabara yenu. Nipe karatasi yenyewe, siyo maelezo."

Irene alimpa. "Chukua, mama. Jina la dawa limeandikwa hapo, mstari wa saba. Siyo dawa ya kupe, wala ya kabichi. Sisi wenyewe tunashangaa."

Jina lilikuwa refu, la kizungu, lisilotamkika. Efrazia aliikunja karatasi akaenda nayo nyumbani.

Asubuhi ya siku ya tatu alitaka mahindi ya kupeleka mashineni. Alifungua chumba cha ndani, akasogeza mifuko ya vitunguu iliyopangwa juu ya magunia ya mahindi, akafungua gunia la kwanza. Unga wa kijivu ulipaa, akakohoa. Ilikuwa dawa ya dumuzi. Kila mwaka aliyachanganya mahindi yake na dawa ile ili yasibunguliwe, na kwa miaka yote hiyo hakuona ajabu yoyote. Kopo lilikuwa pale pale kwenye kona. Alilitazama. Kisha akatoa karatasi.

Alilinganisha herufi moja moja, kidole kimoja kwenye kopo na kingine kwenye mstari wa saba. Zilipofika tisa zinazofanana akaketi juu ya gunia. Hakuhitaji kumaliza.

Mlango ulikuwa umefungwa, madirisha yamezibwa. Hakuna mtu aliyejua. Angeweza kuhamisha mifuko tu, kimyakimya, na tatizo likaisha lenyewe. Alikaa na wazo hilo hadi jua lilipopanda. Kisha akachukua kopo, akalifunga ndani ya mfuko wa plastiki, akaenda kwa Joakimu.

Kikundi kilipokutana, aliliweka kopo mezani na kueleza yote. Hakuna aliyepiga kelele, na hilo lilimuumiza zaidi. Mwishowe Joakimu alisema, "Tulikuachia kile chumba kwa sababu tulichoka kubishana nawe. Kosa letu nalo lipo."

"Lenu ni dogo," alisema Efrazia, akafungua pindo la kanga na kuutoa ufunguo.

Wiki ile ile alipanda gari hadi Katesh, kisha pikipiki hadi Gendabi. Letisia alimsalimu, "Shikamoo," kwa sababu hakuwa na namna, lakini hakutoa kiti. Lameck alikuja kutoka zizini. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama, fimbo mkononi.

"Siku ile uliniona na pipa," alisema. "Uliniona nikiliosha?"

"Sikukuona."

"Basi ulisemaje?"

"Nilisema nilichokuwa na uhakika nacho kichwani."

Lameck aliiegemeza fimbo ukutani. "Sirudi Endagikot. Huku nimeshapata shamba la kukodi Gitting, vitunguu vitaota. Ila mkwe wangu bado anaamini mimi ni mtu wa sumu. Hilo siwezi kulitoa mimi, mama. Walikuona ukinitia doa, na wakuone ukilitoa."

Jumapili, baada ya misa, watu wakiwa bado wamesimama nje ya kanisa, Efrazia alimwendea baba yake Letisia na kusema kwa sauti iliyosikika hadi barabarani: "Mkweo hakutia sumu. Niliyetia ni mimi, chumbani mwangu." Mzee yule alimtazama, akavua kofia, akaivaa tena. Jioni wakamwona akipiga simu Gendabi.

Shehena ya tatu, iliyokaa kwenye ghala jipya lenye dirisha kubwa, ilipokelewa. Irene alianza kununua pia kutoka kwa Lameck kule Gitting.

Mwezi wa nane Letisia alikuja kumsalimia baba yake, akapitia kwa Efrazia kuacha ujumbe wa mumewe kuhusu mbegu. Efrazia alimkaribisha ndani, akapika chai ya maziwa, akamimina vikombe viwili. Letisia alishukuru, akashika kikombe chake kwa mikono miwili, lakini hakukiinua. Alisema chai ni ya moto. Kisha akauliza habari za Evaline, binti yake Efrazia. Chai ikaanza kuweka utando juu.

Efrazia alielewa. Alijua vizuri jinsi mtu anavyokaa asipokiamini kikombe alichopewa. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa hivyo kwenye nyumba nyingi. Hakukasirika. Alinyoosha mkono, akachukua kikombe cha Letisia, akanywa mafunda mawili, akakirudisha mbele yake.

Letisia aliinamisha macho. Baada ya muda kidogo alinywa.