Tano kwa Sita

Baba alipotea siku ya gulio, akiwa na shati la kijani na kandambili zisizofanana. Akili ilikuwa imeanza kumtoka. Alimsalimia kila mtu "mwangaluka" hata jua likizama, na salamu hiyo ni ya asubuhi. Niliandika hayo yote chini ya picha yake, nikaweka namba yangu, nikairusha mtandaoni kutoka nyumbani kwetu Ngokolo.

Siku tatu nikavuna mikono ya kuombea na "pole dada" zisizo idadi. Pole haina miguu.

Ndipo akanipigia mwenye duka la magodoro pale mjini. "Dada, picha ya mzee inaangaliwa sana. Nitailipia ifike Kahama mpaka Geita. Niwekee tu tangazo langu kwa chini."

Mfa maji haachi kutapatapa. Akaitengeneza mwenyewe: juu baba, chini godoro, na namba yake ya simu kwa rangi nyekundu, kubwa kuliko uso wa baba. Yangu ilisukumwa pembeni, ndogo kama sisimizi. Niliiona. Nikanyamaza, maana picha ilianza kutembea.

Ilitembea kweli. Simu yangu ndiyo haikulia.

Siku ya sita nikaenda Kahama mwenyewe. Stendi nikamwonyesha picha mama muuza uji.

"Huyu si mzee wa mwangaluka? Kalala hapa kwenye benchi langu siku mbili. Nikampa uji, nikapiga namba ya kwenye picha."

"Lini, mama?"

"Juzi. Nikasema mtu wenu ninaye hapa. Dada aliyepokea akaniuliza, tano kwa sita au nne kwa sita? Jana nikapiga tena, akasema ofa inaisha Jumamosi. Nikajua mnanicheka."

"Sasa yuko wapi?"

"Jana jioni kapanda gari la wachimbaji, la Bugarama. Niligeuka kuhudumia wateja, mayu, mama yangu. Nisamehe."

Anisamehe yeye. Nililia mbele ya ndoo yake ya uji bila aibu. Nafasi ile chini ya kidevu cha baba niliigawa mimi.

Bugarama nimekwenda mara nne, hakuna aliyemwona. Nilimwomba mwenye duka abadilishe namba. Alisikitika, simsingizii. Kisha akasema hajawahi kulipia tangazo linalouza kama lile, kwa kuwa watu wakimwona mzee wanasimama kusoma. Namba ikibadilishwa, halipii tena.

Nikakubali. Najichukia kuandika hivyo, lakini bila hela yake picha haitoki hata nje ya Ngokolo. Siku hizi nashinda dukani kwake, nimekaa karibu na simu, na kila ikilia napokea mimi.

"Mwangaluka," nasema, kisha nasubiri.

Wananiuliza tano kwa sita ni shilingi ngapi. Nawatajia.